Binti kapewa Work-Study kwenye barua ya chuo: akubali au akatae?

#1 Baba Wawili
Wakuu salaam. Naomba akili zenu kabla sijaharibu.

Binti yangu wa kwanza kapata chuo cha jimbo, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa Houston. Sote tuna grini kadi, kwa hiyo tulijaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kwa masomo, na wiki iliyopita barua ya msaada ikaja. Nainakili kama ilivyo, kwa dola:

Gharama za mwaka (ada, chumba, chakula): 21,300
Pell Grant (ruzuku ya serikali kuu): 7,395
Ruzuku ya chuo: 6,000
Mkopo ambao riba inalipwa na serikali akiwa masomoni: 3,500
Mkopo wa kawaida: 2,000
Work-Study: 2,400

Nikachukua simu nikajumlisha. 21,295. Imebaki dola 5! Nikamwita mama yake jikoni, nikamwambia mama, deni letu ni bei ya soda mbili. Tukacheka, tukasali.

Sasa mtoto anasema kila mstari una kitufe cha kukubali na cha kukataa, na kwenye Work-Study mama yake anamwambia akatae. Hoja yake: "Sikumvusha bahari aje kuosha sahani za wenzake." Mtoto mwenyewe hivi sasa yuko supamaketi jioni, analipwa 15 kwa saa, na hiyo ya chuo kasikia ni 10. Mimi naona kukataa dola 2,400 ni wazimu. Nani yuko sahihi?

#2 Chupa ya Chai
Mama yuko sahihi. Mods fungeni uzi.

#3 Karani wa Zamu
Baba Wawili, kabla hujagombana na mama, rudi kwenye hiyo dola 5.

Work-Study haikatwi kwenye bili. Hakuna 2,400 iliyokaa mahali inamsubiri. Ulichopewa ni nafasi ya kufanya kazi chuoni mpaka mishahara yake ifikie 2,400 kwa mwaka. Kazi anaitafuta mwenyewe, anaifanya, analipwa kwenye akaunti yake ya benki kama kibarua yeyote. Asipofanya hata saa moja anapata sifuri, na mwaka wa masomo ukiisha, ambacho hakukifanyia kazi hakihamii mwaka unaofuata.

Bili itaondoa ile mistari minne ya msaada iliyo juu ya Work-Study tu. Deni lako ni 2,405 kwa mwaka.

#4 Baba Wawili
2,405??? Ngoja nikae chini.

Sasa kwa nini wameiweka kwenye mstari mmoja na ruzuku? Mama watoto asiione hii kwanza.

#5 Msee wa Eldoret
Pole mzee. Hiyo barua imeangusha wengi, hata mimi niliangushwa nayo 2016. Nilifika chuo na suti mbili nikidhani nimelipiwa kila kitu, kumbe sehemu yangu niliambiwa nikaitoe jasho.

Lakini mimi nilikubali na sijuti. Nilipata kukaa kwa meza ya mazoezi, ile ya kuingilia jimu. Kazi yangu: mtu anapitisha kadi, taa inakuwa kijani, namwambia "karibu". Kuanzia saa tatu usiku hakukuwa na mtu. Nilisoma kemia yote ya mwaka wa kwanza hapo, nikilipwa. Msimamizi alikuwa anaona na haongei, alisema tu simu hapana, kitabu sawa.

#6 Mjomba Kasuku
Akatae. Binamu yangu alikataa, chuo kikamuongezea ruzuku kufidia. Wanaogopa kupoteza mwanafunzi.

#7 Karani wa Zamu
#6, hapo umewapoteza watu. Nimefanya kazi ofisi ya msaada wa fedha miaka minne, kwa hiyo nasema ninachokijua. Fungu la Work-Study linatoka serikali kuu kwenda chuoni na lina kazi moja, kulipa mishahara ya wanafunzi. Haligeuki kuwa ruzuku kwa sababu umelikataa. Ukilikataa, hiyo nafasi anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Chuo kikitaka kuziba pengo lako, mara nyingi kinachokuja ni mkopo. Huenda binamu alikata rufaa kuhusu kipato cha nyumbani ndipo akaongezewa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#8 Mjomba Kasuku
Mimi nasema nilichoona. Binamu yuko hai, ana gari.

#9 Chupa ya Chai
Gari limetoka wapi kwenye hii hadithi?

#10 Nyota ya Uvira
Wandugu, mimi ni Mkongomani, niko Kentucky, nilipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kufika huku. Mama ya huyu mtoto namuelewa sana. Lakini niseme kuhusu hizo sahani.

Mimi ndiye niliosha sahani za wenzangu. Chumba cha nyuma ya mesi, kuna mashine kubwa kama geti, mkanda unaleta trei zenyewe. Unavaa aproni ya mpira mpaka magotini. Mvuke unapiga miwani, huoni, unapapasa kikombe kwa mkono. Juma la kwanza nililia. Si kwa kazi, kambini nilibeba maji kilomita. Nililia kwa sababu msichana wa darasa langu alipitisha trei dirishani, akaniona, akageuza uso.

Muhula wa pili huyo msichana naye akaja kuomba kazi, tukavaa aproni pamoja. Leo ndiye aliyesimamia harusi yangu.

Simwambii mama akubali ao akatae. Ila asifikiri sahani tu ndiyo iko kule. Kuna maktaba, kuna maabara, kuna ofisi. Mimi nilichelewa kuomba, sahani ndiyo ilibaki.

#11 Baba Wawili
Nyota, nimemsomea mama watoto hii yako kwa sauti. Hajasema kitu, kaenda kuanua nguo.

#12 Bwana Hesabu
Tuweke namba mezani maana humu watu wanapenda hisia.

2,400 gawa kwa dola 10 ni saa 240. Mwaka wa masomo tufanye wiki 30. Ni saa 8 kwa wiki, dola 80. Hiyo si kazi ya kumfelisha mtu, ni zamu mbili za saa nne.

Sasa deni 2,405. Gawa mihula miwili: 1,202.50. Vyuo vingi vina mpango wa kulipa kwa awamu. Chukulia awamu nne kwa muhula, ni kama dola 300 kila mwezi. Mtoto anaingiza kama 320. Yaani pengo lako na mshahara wake vimelingana karibu sawasawa, na sidhani ni bahati. Waliopanga barua walijua wanachofanya.

Tatizo ni mwezi wa kwanza. Awamu inaanza Agosti, yeye mshahara wa kwanza ataupata mwishoni mwa Septemba akiwahi. Hiyo 300 ya mwanzo ni yako, Baba Wawili. Na sabuni, na vitabu, na nauli ya Krismasi.

#13 Kitoweo
Au aendelee na supamaketi kwa 15. Saa nane ni 120. Mbona rahisi.

#14 Dada wa Zamu ya Usiku
#13, supamaketi iko Houston, chuo kiko saa mbili na nusu. Hii ni Texas, si Dar kwamba utadandia bodaboda. Akitaka kazi ya nje ya chuo anahitaji gari. Gari linahitaji bima, na bima ya kijana wa miaka 18 naomba usiniulize, nililipa ya mwanangu nikadhani wamekosea. Kuna mafuta, kuna kibali cha kuegesha pale chuoni. Ondoa hivyo vyote kwenye 15 uone inabaki ngapi. Na meneja wa dukani hajui mtihani ni nini. Ijumaa anakubandika zamu ya Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi una karatasi. Kazi ya chuo anatembea kwa miguu dakika tano, na wiki ya mitihani wanampunguzia saa. Sheria yenyewe hairuhusu mwanafunzi kupangiwa Work-Study saa ambazo ana kipindi darasani.

#15 Kitoweo
Nimeelewa dada. Sikujua kuhusu umbali, nilisoma haraka.

#16 Pwani Halisi
Kuna jambo hamjalitaja, ushuru. Hela ya Work-Study haikatwi kodi hata senti. Ndiyo faida yake kubwa, yakhe.

#17 Bwana Hesabu
Nusu kweli, Pwani. Kodi ya mapato inahesabika kama mshahara mwingine wowote, atapewa fomu ya W-2 mwanzoni mwa mwaka. Ila mtu anayeingiza 2,400 peke yake hafiki kiwango cha kudaiwa kodi ya serikali kuu, na kama walimkata, anajaza fomu anarudishiwa. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo.

Usichokatwa ni ile 7.65 kwa mia ya Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni. Hiyo msamaha wake ni kwa mwanafunzi anayefanyia kazi chuo anachosoma, awe anasoma angalau nusu ya mzigo wa masomo. Na msamaha huo haujali kama ni Work-Study au la. Ukipelekwa na Work-Study kwenye shirika la nje ya chuo, na hilo shirika ndilo mwajiri wako, unakatwa.

#18 Karani wa Zamu
Niongezee kwa #17, maana faida yenyewe wengi hawaioni. Kipato cha Work-Study kinaondolewa kwenye hesabu ya FAFSA. Kipato cha supamaketi hakiondolewi.

#19 Bwana Hesabu
Sawa, ila usimtishe mzee. Kwa mtoto anayetegemea wazazi, zaidi ya dola 11,000 za kwanza za kipato chake haziguswi kwenye hesabu. Kinachozidi hapo ndicho kinachukuliwa nusu. Kwa saa nane dukani hafiki huko. Akifanya ghala saa 30 kwa wiki na likizo nzima, hapo ndipo anajikata mguu, na maumivu atayasikia miaka miwili baadaye kwa sababu FAFSA inaangalia kipato cha miaka miwili nyuma.

#20 Karani wa Zamu
Kweli. Nimekubali.

#21 Kijana F1
Naomba kuuliza wakuu. Mimi nimekuja na viza ya mwanafunzi kutoka Mwanza, niko mwaka wa kwanza. Niombe wapi hii Work-Study?

#22 Msee wa Eldoret
Haikuhusu bro. Hiyo ni pesa ya serikali kuu, inaenda kwa raia, wenye grini kadi na wachache wengine. F-1 hajazi FAFSA. Lakini unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, likizo unaweza kufanya muda wote. Tafuta matangazo ambayo hayajaandikwa "Work-Study pekee". Mesi huwa haikatai mtu. Na nje ya chuo usiguse bila kibali, hata kama binamu ya #6 anakuambia ni sawa.

#23 Mjomba Kasuku
Mwacheni binamu yangu.

#24 Mzee wa Mkuranga
Nawasoma tu nacheka. Hiki ni Elimu ya Kujitegemea, wamekibadilisha koti. Mwalimu alitangaza 1967, sisi tukapewa majembe. Shule yetu ilikuwa na ekari za mihogo, kila Jumatano baada ya chai mnakwenda shamba, mwalimu wa zamu amekaa chini ya mwembe na fimbo. Hatukulipwa shilingi, na hakuna aliyetuuliza kama tunabofya kukubali au kukataa.

#25 Dada wa Zamu ya Usiku
Mzee wangu shikamoo. Tofauti ni kwamba hawa wanalipwa.

#26 Mzee wa Mkuranga
Marahaba binti. Wanalipwa halafu wanarudisha palepale. Sisi tulilima na ada hatukudaiwa. Nani kafaidi?

#27 Kitoweo
Mzee kamaliza. Hebu tuulize kwa nini vyuo vinapenda hii kitu. Mimi naona ni vibarua vya bei poa. Kama nimesikia vizuri, serikali inalipa sehemu kubwa ya mshahara.

#28 Karani wa Zamu
Kwa kawaida serikali hadi asilimia 75, chuo au mwajiri anamalizia. Kwa baadhi ya kazi, kama kuwafundisha watoto wadogo kusoma, inaweza kubeba zote. Na chuo kinatakiwa kutumia angalau asilimia 7 ya fungu kwenye kazi za kuhudumia jamii. Lakini "vibarua vya bei poa" si asili yake. Ilianzia sheria ya 1964 ya Rais Johnson, ile vita yake dhidi ya umaskini. Lengo lilikuwa mtoto wa maskini asiache chuo kwa kukosa hela ya mkononi.

#29 Kitoweo
Lengo la 1964 ni la 1964. Mimi nauliza leo. Ofisi inapata mtu wa kufungua mlango kwa robo ya mshahara.

#30 Bwana Hesabu
Mimi nina wazo la tatu, la kihasidi kidogo. Inapamba barua. Ukiondoa huo mstari wa mwisho, Baba Wawili angeona pengo la 2,405 siku ileile, pengine angepeleka mtoto chuo cha kata karibu na nyumbani. Ukiuweka, anaona dola 5 na anasali.

#31 Karani wa Zamu
Hapo unatuonea. Tulikuwa tunaandika chini kwamba inategemea kupata kazi.

#32 Bwana Hesabu
Kwa herufi za ukubwa gani?

#33 Chupa ya Chai
😂😂 Karani kakimbia.

#34 Karani wa Zamu
Niko hapa. Herufi ndogo. Nakubali.

#35 Mwana wa Kitui
Kwa wale hawana grini kadi na wanasikia uchungu, someni kuhusu Berea College, Kentucky. Kule kila mwanafunzi anafanya kazi, si chaguo, angalau saa 10 kwa wiki, na hawatozi ada ya masomo tangu 1892. Wanachukua pia wanafunzi wachache kutoka nje ya Marekani. Ushindani ni mkali. Lakini kule huwezi kudharauliwa kwa aproni, maana aliye mbele yako naye ana aproni yake.

#36 Nyota ya Uvira
Ndiyo, Berea naijua, iko mbele kidogo ya kwetu kwa barabara. Ufagio wanatengeneza wenyewe, wanafunzi, na wanauza.

#37 Mama Pacha
Nimesoma yote, wanaume wengi humu mnahesabu dola tu. Mimi ni muuguzi, nilisoma hapa Marekani nikiwa na miaka 30. Mwanangu wa kwanza alipewa Work-Study, akakubali, akapewa saa 15 siyo 8, kwa sababu msimamizi alikuwa na upungufu wa watu. Fungu lilikwisha Februari. Alama za muhula wa kwanza zikashuka, udhamini mwingine aliokuwa nao ulidai wastani wa 3.0, ukapotea. Aliingiza 2,000 akapoteza 4,000. Mtoto wa pili nilimwambia muhula wa kwanza soma tu, zoea chakula chao, zoea Kiingereza chao cha darasani, Januari tutaongea.

Kwa hiyo mama wa huyo binti si mshamba. Aulizwe anaogopa nini hasa.

#38 Dada wa Zamu ya Usiku
Mama Pacha, pole. Lakini tatizo hapo ni saa 15, si Work-Study. Aseme tangu mwanzo saa 8, asikubali kuvutwa.

#39 Mama Pacha
Mtoto wa miaka 18, mgeni, anamwambia msimamizi mzungu "hapana"? Umemlea wapi huyo?

#40 Msee wa Eldoret
Hapo kuna ukweli. Mimi nilichukua miaka miwili kusema hapana.

#41 Fundi Kimya
Yangu fupi. Nilikubali, nikatuma maombi tisa, sikupata kazi. Wengine walirudi kazi zao za mwaka uliotangulia, wapya tukabaki kugawana makombo. Kukubali hakukunigharimu kitu ila na mimi nilikuwa nimeihesabu kama hela. Nikamaliza muhula kwa kuazima. Ushauri: orodha ya kazi ikitoka, kama ni Julai, omba Julai hiyohiyo. Andika barua pepe kwa msimamizi mwenyewe, usitegemee mfumo.

#42 Pwani Halisi
Na ile stempu ya chakula? Nimesikia aliye na Work-Study anapata.

#43 Karani wa Zamu
SNAP, ndiyo. Kwa kawaida mwanafunzi wa chuo hazipati, lakini aliyeidhinishiwa Work-Study na anatarajia kuifanya muhula huo anavuka kile kizuizi cha wanafunzi. Masharti mengine ya kipato yanabaki. Na akila mesi kwa mpango unaompa zaidi ya nusu ya milo yake, hastahili. Huyu binti atakuwa na chumba na chakula cha chuo, kwa hiyo sahau. Tena sheria ya Julai 2025 imebana upande wa wageni, mkimbizi ambaye hajapata grini kadi ameondolewa kabisa.

#44 Nyota ya Uvira
Hiyo ya mwisho imetugusa wengi hapa kwetu. Tuiache kwa uzi mwingine.

#45 Baba Wawili
Mrejesho wakuu. Leo nilipiga simu chuoni, binti akitafsiri pale niliposhindwa. Niliuliza mambo matatu. Moja, akikubali sasa na akaghairi Oktoba, kuna adhabu? Hakuna. Mbili, akikataa sasa na akaitaka Januari? Kama fungu bado lipo, hawaahidi. Tatu, akiiacha mwaka huu, mwakani atapewa? Yule mama wa simu akasema pale kwao wanaangalia nani aliitumia.

Nikamuita mama watoto. Nikamwambia sasa kuhusu 2,405. (Nilinuniwa, tuyaache.) Akauliza kitu kimoja tu: maktaba inafungwa saa ngapi usiku, na kutoka hapo mpaka bweni kuna taa? Binti akafungua ramani ya simu wakakaa nayo kwenye kochi karibu saa nzima, wanapima njia.

Amebofya kukubali. Mkopo wa kawaida ule wa 2,000 bado tunabishana.

#46 Bwana Hesabu
Huo wa 2,000 riba yake inaanza kuhesabika siku unayoupokea, na kwa mikopo ya 2025-26 ni 6.39 kwa mia. Fungua uzi mpya tubishane vizuri.

#47 Mama Pacha
Mwambie mama watoto namsalimia. Na asisahau kumuuliza saa ngapi kwa wiki, kila wiki.

#48 Kitoweo
Kabla hatujatawanyika. Mzee wa Mkuranga, ile mihogo ya shule mlikula nyie au walimu?

#49 Mzee wa Mkuranga
Tulikula majani yake, kisamvu. Mihogo iliondoka na lori.

#50 Chupa ya Chai
Lori la nani?

#51 Mjomba Kasuku
La binamu yangu.